Begi Lililotangulia Safari

Nilifika. Naanza na neno hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii, wasikilizaji hushika vifua na kunikatiza, "Lakini ulifika?" Nilifika, namshukuru Mama Tara, mungu wetu wa kike anayeokoa wasafiri. Sasa niwaambie nilivyokaribia kutofika.

Binti yangu Tungalag yuko Seoul mwaka wa nne, anafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha vyakula. Mwaka jana alishika mimba, na mwanamume aliyehusika akahama mji kabla tumbo halijaonekana. Nilimlaani siku moja, nikaomba toba siku tatu, kisha nikamwacha aende zake. Mimba ilipofika mwezi wa nane daktari akaona kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Upasuaji ukapangwa Jumatano saa tatu asubuhi. Hospitali ikataka ndugu mmoja awepo, atie sahihi na akae na mgonjwa wodini, maana huko ndivyo wanavyofanya. Tungalag hana ndugu Seoul. Ukiniondoa mimi ana mjomba wake Sodnom tu, na Sodnom hana pasipoti.

Viza yangu ilitoka, lakini ilisema niingie nchini mwao kabla Jumanne haijaisha. Tiketi nayo ilipatikana ya Jumanne hiyohiyo. Yaani nikikosa ndege ile moja, viza imekufa, na mwanangu anaingia chumba cha upasuaji bila mtu wa kumshika mkono.

Mimi niliacha shule darasa la tatu, mwaka ule mifugo ya ushirika ilipogawiwa watu na baba akahitaji mchungaji. Sasa nina miaka arobaini na saba, nasoma masomo ya jioni siku tatu kwa wiki. Nilipopata tiketi nilikwenda nayo darasani, na mwalimu akaifanya kuwa hesabu ya siku hiyo. Kutoka mji wetu, Ulaanbaatar, hadi Seoul ni kama kilomita elfu mbili. Ndege inachukua saa tatu na dakika kumi. Je, inakwenda kilomita ngapi kwa saa? Tulihangaika nayo hadi kengele ikalia, tukapata mia sita na thelathini na vijisenti.

"Farasi wangu wa zamani angechukua siku arobaini," akasema jirani yangu wa dawati, muuza makaa.

"Na bahari je?" mwalimu akamuuliza.

"Baharini angenywa maji kidogo, apumzike."

Darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Saa tatu na dakika kumi! Huo ni muda wa kuoka mikate miwili tu jikoni kwangu, mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya kusafiri nilimwendea Lama Choijil, kuhani wa dini yetu anayewasomea watu siku njema na mbaya, kama mama yangu alivyofanya na bibi yangu pia. Akafungua kitabu, akapitisha kidole chini ya mistari, akakunja uso.

"Aliyezaliwa mwaka wa Nyoka, kuelekea kusini mashariki, Jumanne," akasema. "Hapana. Si siku ya kuanza safari."

"Baba Lama, tiketi imeshakatwa. Na viza inaisha siku hiyo."

"Nimesema si siku ya kuanza. Sikusema si siku ya kwenda. Toa nyayo Jumamosi."

Kutoa nyayo kila mtu wa kwetu anakujua. Siku njema unatoka nyumbani na mzigo wako kama msafiri kamili, unaulaza kwenye nyumba nyingine upande ule unaoelekea, halafu unarudi mikono mitupu. Safari imeanza. Siku ya ndege ikifika, wewe unaendelea tu, huanzi. Na kilichokwisha kutoka hakirudishwi ndani.

"Lakini mzigo uwe wa kweli," Lama akaniambia nikiwa mlangoni. "Watu wanatoa gunia la matambara, halafu wanashangaa njia inawakataa."

Maneno hayo niliyabeba kama yai. Jumamosi asubuhi nilipanga begi langu jekundu la magurudumu: nguo za mtoto, siagi iliyokaushwa, nyama kavu, kanga ya pamba ya kumbebea. Nikasimama nikalitazama. Je, hiki ndicho kinachofanya safari kuwa safari? Nikajijibu hapana. Nikachukua pasipoti, karatasi ya viza na tiketi, nikazitia katika mfuko wa ndani, nikafunga zipu. Nilijiona mwaminifu sana.

Jirani upande wa kusini mashariki ni Mama Dejid, mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye na mumewe, Mzee Gombo, walinipokea kwa chai ya maziwa.

"Weka hapa karibu na kitanda," Mama Dejid akasema. "Mzigo wako utalala kama mtoto mchanga."

"Mzigo wa ng'ambo!" Mzee Gombo akatania. "Tusije tukaamka keshokutwa tumefika Seoul bila viza."

"Wewe hata getini hufiki bila kupotea," mkewe akamjibu.

Nikarudi kwangu. Jumapili sikuwaendea, wala Jumatatu. Kwenda kuliangalia begi kungekuwa kama kurudi nyuma.

Jumanne nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya vilima. Ndege ilikuwa saa sita na dakika kumi mchana, na kaunta hufungwa saa moja kabla. Nilishuka mteremko nikiomba kimoyomoyo. Geti la Mama Dejid lilikuwa na kufuli. Nikabisha. Mbwa akabweka mara moja, akalala. Nikabisha tena. Mwishowe kichwa cha Yondon, fundi wa majiko wa nyumba ya pili, kikatokeza juu ya uzio wa mbao.

"Unamtafuta Dejid? Waliondoka jana mchana. Wamekwenda kumsaidia shemeji yao kuchana mbuzi manyoya, kule Bonde la Shar Bulag."

"Na begi langu?"

"Jekundu? Nilimwona akilitia garini. Nikamuuliza, mama, mnahamia huko? Akasema amana ya mtu hailali kwenye nyumba isiyo na mtu."

"Alisema atarudi lini?"

"Jana jioni." Yondon akalitazama kufuli, akajikuna shingo. "Sasa naona jioni yake imekuwa ndefu."

Nikapiga simu ya Mama Dejid. Haipatikani. Ya Mzee Gombo, haipatikani. Katika bonde lile mtandao haujawahi kuingia. Watu hupanda mlima ndipo wapige simu. Nilikaa juu ya jiwe mbele ya geti. Sikulia. Nilifikiri tu: kesho saa tatu watamwuliza mwanangu, ndugu yako yuko wapi?

Hapo ndipo Sodnom alipowasili kunipeleka uwanja wa ndege. Ni mdogo wangu wa mwisho, dereva, na hajui kufunga mdomo. Gari lake ni la Kijapani, usukani upo kulia, taa moja imefungwa kwa utepe wa gundi.

"Dada, mbona mikono mitupu? Begi liko wapi?"

"Limetangulia."

"Limetangulia wapi?"

Nikamweleza. Alianza kucheka kabla sijamaliza. "Yaani nyayo zimetoka, zimekwenda zao, na wewe umebaki! Dada, wewe na huyo lama wako! Saa hizi nyayo zako zinakunywa supu huko bondeni." Kisha akaniona uso. Akafungua mlango wa gari. "Panda."

"Ni kilomita sabini na tano, Sodnom."

"Panda, nimesema. Nitakucheka njiani."

Kilomita arobaini na tano za kwanza ni lami, nazo hazikutusumbua, kwa kuwa asubuhi foleni inaingia mjini na sisi tulikuwa tunatoka. Baada ya hapo lami inaisha, na kila dereva anajichagulia njia yake nyikani. Tulirushwa huku na huku. Chai ya kwenye chupa ilimwagika ikaingia kiatuni mwangu. Nilishika tasbihi kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine, nikimwita Tara kwa jina kila gurudumu lilipogonga shimo. Tulikuwa tunakwenda kilomita ishirini na tano kwa saa. Sikutaka kufanya hesabu, lakini ukishajifunza kitu hakikuachii: kwa mwendo ule, Seoul ilikuwa mbali saa themanini.

"Unajua, dada," Sodnom akasema, "kwa muda huu ungeshafika China."

"Angalia barabara."

"Barabara gani? Nionyeshe nami niiangalie."

Saa mbili kasorobo tulipanda kijilima. Kwenye mteremko wa pili nikaona kitu kinashuka kuja kwetu: farasi wa rangi ya kahawia, juu yake mtu aliyevaa joho la buluu, na nyuma ya mtu huyo kitu chekundu kikiruka juu na chini.

Sikuamini macho yangu. "Sodnom. Lile ni begi langu."

"Na juu ya farasi ni nani? Askari wa mpakani?"

Alikuwa Mama Dejid. Alipotutambua akaanza kupiga kelele tangu mbali, kabla hatujasimamisha gari.

"Norjmaa! Usinilaani kwanza! Nisikilize ndipo unilaani!"

Nikashuka nikamkimbilia. Alikuwa amelowa hadi magotini na kilemba kimemwendea kisogoni. Habari ikamtoka yote kwa pamoja. Jana jioni walianza kurudi kama walivyoahidi. Theluji ya milimani inayeyuka, kijito kimejaa, naye Mzee Gombo akasema anakijua kijito hicho tangu utoto. Gari likaingia, likakohoa, likazima katikati. Wakatoka kwa miguu, begi kichwani, wakarudi kwa shemeji. Usiku ule hakulala. Kulipoanza kupambazuka akamchukua farasi wa shemeji bila kumwamsha mwenyewe.

"Nikajisemea, nikifika barabara ya lami nitapata gari," akasema. "Lakini huyu farasi! Anaogopa magurudumu ya begi. Kila yakizunguka anadhani amefukuzwa na shetani. Ameniangusha mara mbili. Mara ya pili nikamwambia, mwanangu, hata ukinivunja kiuno, begi hili linakwenda Seoul."

"Mama Dejid, umri wako na farasi…"

"Umri wangu uko kwa shemeji umelala na Gombo. Fungua begi, tazama kama kila kitu kipo."

Upande mmoja wa begi ulikuwa umelowa. Nikafungua zipu ya mfuko wa ndani. Pasipoti ilikuwepo, imevimba pembeni. Karatasi ya viza ilikuwa imelowa kona moja, lakini maandishi yalisomeka yote. Tiketi ilikuwa kama kitambaa cha kufutia meza. Hapo ndipo nililia. Mama Dejid alikuwa juu bado, simfikii, basi nikamkumbatia farasi shingoni, nikalilia kwenye manyoya yake, naye akasimama kimya kama aliyeombwa radhi.

"Haya basi, mwachie farasi wa watu," Mama Dejid akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imelainika. "Nenda. Nimekuharibia safari, nami nimeirudisha. Nikikuta umekosa hiyo ndege sitakutazama usoni."

Sodnom akageuza gari. Nilizianika karatasi juu ya dashibodi, tukafungulia hewa ya moto hadi mwisho, tukawa tunatokwa jasho kama wapishi. Karatasi zilianza kujikunja na kukauka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilivuta pumzi hadi chini.

Lami tuliipata saa tatu kasoro dakika kumi. Hapo kuna njia panda. Ukinyoosha unaingia mjini, unaukata wote kutoka mashariki hadi magharibi, kisha unashuka kusini hadi uwanja wa ndege. Ukikata kushoto unauzunguka mlima kwa nyuma kupitia Zuunmod. Sodnom akawasha taa ya kunyoosha mbele, yaani hakuwasha chochote.

"Kata kushoto," nikasema.

"Dada, kupitia mjini ni kilomita themanini. Nyuma ya mlima ni mia na kumi, na kipande kingine hakina lami. Hata aliyesoma jioni moja anajua ipi fupi."

"Jana kutoka sokoni hadi nyumbani ulichukua saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini jana…"

"Kilomita ngapi?"

Akafikiri. "Kumi na mbili."

"Basi ulikwenda kilomita sita kwa saa. Babu yetu alitembea upesi kuliko wewe. Ndege haiondoki kwa kilomita, Sodnom, inaondoka kwa saa. Kata kushoto."

"Na tukikwama huko nyuma, nani atatuvuta? Lama?"

"Kata kushoto!"

Sijawahi kumpigia kelele tangu alipokuwa na miaka sita. Akakata kushoto. Moyoni nilikuwa naogopa kuliko nilivyoonyesha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumia hesabu ya darasani kwa jambo lenye uzito, na jambo lenyewe lilikuwa mwanangu. Nikaomba: Mama Tara, kama nimegawanya vibaya, nisahihishe sasa, njia panda ikiwa bado karibu. Hakuna kilichotokea. Barabara ilikuwa tupu, mbuzi walikuwa wanakula kando yake, na mshale wa mwendo ulisimama kwenye tisini.

Mara simu ya Sodnom ikaita. Ni dereva mwenzake, amekwama mjini karibu na daraja.

"Usije huku," sauti ikasema. "Lori limelala barabarani. Nina dakika arobaini sijasogea, nimeshamaliza kula chakula changu cha mchana."

Sodnom akakata simu. Akanitazama kwa pembe ya jicho, akarudisha macho barabarani.

"Huyo mwalimu wako," akasema baadaye, "anapokea watu wazima wa umri gani?"

"Walionizidi umri wapo watatu."

"Nauliza tu."

Kipande kisicho na lami kilituchelewesha, lakini si sana. Saa tano kasoro dakika tatu tulisimama mbele ya mlango wa uwanja wa ndege. Nilimwinamisha Sodnom nikamnusa paji la uso, ndilo busu la kwetu, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa akienda shule ya bweni, naye kwa aibu akatazama kama kuna watu.

"Kimbia, dada. Ukiniletea machozi hapa nitachelewa kukucheka."

Msichana wa kaunta alikuwa anapanga karatasi za kufunga kazi. Akaishika viza yangu kwa ncha za vidole.

"Mama, hii imelowa."

"Ilipita mtoni."

"Na wewe?"

"Mimi nilipita nyuma ya mlima."

Akacheka, kisha akasoma tarehe, akaacha kucheka. "Leo ndiyo siku ya mwisho."

"Ndiyo maana unaniona natweta."

Akagonga kitu kwenye kompyuta, akagonga tena, akanipa kikaratasi. "Nenda moja kwa moja, usisimame hata kununua maji."

Ndani ya ndege nilikaa dirishani, pembeni yangu mwanamke mchuuzi wa vipodozi aliyesema hii ni safari yake ya sitini. Mbele ya kila kiti kuna kioo kinachoonyesha ndege iko wapi na kilomita zilizobaki. Elfu moja mia tisa. Nikaanza tasbihi. Nilipomaliza mzunguko mmoja zilibaki elfu moja mia nane na kitu. Sijawahi kuona sala inayoonyeshwa matunda yake kwa namba. Chini yetu jangwa lilipita, kisha milima, kisha mashamba ya China yaliyokatwa kama keki, na mimi sikuwa nafanya lolote. Asubuhi nilisukumwa na kurushwa ili nipate kilomita moja. Sasa zilikuwa zinaondoka zenyewe huku nimekaa. Walinipa wali na kuku nikashindwa kula.

Tulipogusa chini nilitazama saa yangu ya mkononi: saa tisa na dakika ishirini. Tiketi ilisema saa kumi na dakika ishirini.

"Ametusaidia Mama Tara!" nikamwambia mchuuzi. "Tumewahi kwa saa nzima."

Akanitazama kwa huruma. "Dada yangu, hatujawahi hata dakika. Saa ya huku iko mbele. Sogeza mshale."

Nikasogeza. Nilisikitika kidogo kuipoteza saa ile, maana nilikuwa nimeshaishukuru.

Foleni ya kuingia nchini ilikuwa ndefu. Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani. Akaichukua pasipoti iliyovimba, akajaribu kuilaza, haikulala. Akaifunua karatasi ya viza, ikajikunja. Akaikunjua, ikajikunja tena. Akatazama tarehe yake, akatazama tarehe ya ukutani. Akanitazama. Sikujua lugha yake wala yeye yangu. Nikafanya kitu pekee nilichoweza: nikachora tumbo kubwa hewani mbele yangu kwa mikono miwili, nikaonyesha kidole kuelekea mjini, kisha nikajishika kifua. Watu wa nyuma yangu wakanong'ona. Yule kijana akatazama chini, nadhani alikuwa anazuia kicheko, akaweka vidole vyangu kwenye mashine. Mashine ikatoa mlio. Akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, kama tunavyopeana vitu vya heshima kwetu.

Nilipita. Hatua kumi mbele nilikaa sakafuni, mgongo ukutani. Mwanamke mfagizi akaja akaniuliza jambo. Nikatabasamu tu. Akaniacha.

Hospitali niliifikia saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa basi na kwa kuonyesha watu anwani. Tungalag alikuwa amekaa kitandani, tumbo limemzidi mwili, macho yako mlangoni. Aliponiona hakusema mama. Alisema, "Saa sita mchana mjomba alinitumia ujumbe: 'Mama yako amekimbia kuliko farasi.' Tangu hapo hapokei simu! Nimekaa hapa sijui umekufa au umepanda!"

"Nimepanda," nikasema.

Akanikumbatia, kisha akarudisha kichwa nyuma. "Mama. Unanuka farasi."

"Nitakueleza."

"Farasi, mama? Umekuja kwa ndege au kwa farasi?"

"Kidogo kidogo."

Akaanza kucheka, akashika tumbo lisimtikisike, akaendelea kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akaniegemea begani akalia hadi blauzi ikalowa. Nilimwacha. Alikuwa amejizuia muda mrefu peke yake.

Muuguzi akaleta karatasi za kutia sahihi, Tungalag akanitafsiria kila mstari. Niliandika jina langu, Norjmaa, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka. Halafu wakaleta chakula cha jioni cha mlezi, maana mgonjwa alikuwa ameshaambiwa asile kitu. Tangu asubuhi sikuwa nimeonja chochote. Sasa nikala wali, nikala samaki, nikala kabichi yao kali iliyonitoa kamasi, huku mwanangu akinitazama kama anatazama mchezo.

"Kula na ya kwangu, mama. Mimi nitashiba kwa macho."

Jumatano saa tatu asubuhi walimsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu. Nilimshika mkono hadi kwenye mlango nisioruhusiwa kuupita. "Utakuwa hapa?" akaniuliza.

"Nitakuwa hapa."

Nikakaa kwenye kiti cha korido na tasbihi mkononi. Nilikuwa nimepanga kuomba kila dakika, nisipumzike hata kidogo hadi wamalize. Nilianza vizuri. Nilimwita Tara kwa majina yake, nikamwombea mpasuaji mikono mitulivu. Lakini mwili uliokuwa umeshikwa tangu siku iliyopita uliachia wote mara moja, na nasema bila kuona haya: nililala. Nililala usingizi mzito, mdomo wazi, kichwa kikiwa ukutani, wakati jambo kubwa kuliko yote lilipokuwa linatendeka nyuma ya mlango.

Mkono ulinitikisa bega. Muuguzi alikuwa ameinama mbele yangu na kifurushi cheupe, akaonyesha vidole viwili, kisha akaonyesha saba: kilo mbili na gramu mia saba. Kisha akaelekeza kidole mlangoni, akaweka mashavu juu ya viganja, kunionyesha kwamba mama mtu naye yuko salama, amelala.

"Msichana," akasema. Neno hilo la kwao nilikuwa nimefundishwa usiku.

Nikampokea mjukuu wangu. Alifungua jicho moja, akanitazama, akapiga mwayo.